Kanisa la Nyabyeya na Swali la Kiwanja

Siku ya wakimbizi duniani, tarehe 20 mwezi wa sita, tulialikwa kwenye semina hapa Namuwongo. Viti vya plastiki, soda, spika inayokoroma. Mtoa mada akaonyesha picha ukutani, picha ya kanisa la zamani lililosimama kijijini peke yake. Akasema: "Muwaone hawa. Walikuwa wakimbizi kama ninyi. Walifika Uganda mikono mitupu. Lakini hawakukaa wakilalamika. Walijenga."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Makofi ya semina ni kama soda ya semina, ukipewa unapokea tu.

Mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye kanisa letu limebomolewa mara mbili yeye akiona kwa macho, hakupiga. Aliniinamia sikioni akaniuliza: "Mwanangu, bale batu, kiwanja balipewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mama, nitatafuta." Makala hii ndiyo nilichokipata. Ndugu msomaji, utanisamehe kama nitaliongelea jengo kama vile watu wanavyoongelea kitabu. Jengo nalo ni maneno. Kuna mtu aliyeyapanga, kuna mtu aliyeachwa nje, na kuna sisi tunaolisoma baada ya miaka themanini.

Picha ile ni ya kanisa la Nyabyeya, magharibi mwa mji wa Masindi, kando ya msitu wa Budongo. Ni kanisa la Kikatoliki, limewekwa chini ya jina la Bikira Maria, Malkia wa Polandi. Lilijengwa kati ya mwaka 1943 na 1945. Nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza nilicheka. Malkia wa Polandi anafanya nini Bunyoro?

Kumbe alikuja kama sisi, kwa kufukuzwa. Mwezi wa tisa mwaka 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi, na kabla mwezi haujaisha jeshi la Kisovyeti likaingia kutoka mashariki. Kuanzia mwaka 1940 watu wa mashariki ya Polandi walianza kugongewa milango usiku, wakapakiwa kwenye mabehewa ya treni na kupelekwa Siberia, Kazakhstan na sehemu nyingine za ndani kabisa. Wengi walikufa kwa baridi, njaa na magonjwa. Mwaka 1941 Ujerumani ilipoigeukia Urusi, Wasovyeti na serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London walipatana, na sehemu ya wale watu wakaachiliwa. Mwaka 1942 wakavuka kuingia Iran. Wanaume wenye nguvu wakabaki na jeshi la Polandi lililokuwa linaundwa. Waliobaki, wengi wao wanawake na watoto, Waingereza wakawatafutia mahali ndani ya makoloni yao.

Ndiyo maana maelfu ya Wapolandi walijikuta Afrika. Walikaa Tengeru karibu na Arusha, walikaa Kidugala na Ifunda huko huko Tanganyika, walikaa Rhodesia. Hapa Uganda walikaa sehemu mbili: Koja, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Mukono, na Nyabyeya, kambi ambayo wao waliiita Masindi. Jumla yao Uganda walikuwa karibu 7,000.

Hapo nilikaa kimya kidogo. Mimi nimetoka Kivu. Kugongewa mlango usiku, naujua mlio wake. Kutembea na watoto bila baba, nimeona. Kwa hiyo sitaki mtu asome makala hii akidhani ninawaonea wivu watu waliozika watoto wao Siberia. Ugomvi wangu si na wao. Ugomvi wangu ni na jinsi picha yao inavyotumiwa juu ya vichwa vyetu.

Nilichanga nauli miezi miwili nikapanda basi la Masindi. Njia ni ile ya Gulu, unapita Luweero, unapita Nakasongola, unavuka mto Kafu, ndipo unakata kushoto. Ukiendelea moja kwa moja bila kukata, barabara hiyo hiyo itakufikisha Bweyale, penye makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Niliona wenzangu wawili wakibaki ndani ya magari ya kwenda huko, na magunia yao. Basi langu likakata. Nilijiambia: njia ya mkimbizi wa leo na njia ya kwenda kumsifu mkimbizi wa zamani zinaachana hapa.

Nyabyeya leo ni eneo la chuo cha misitu. Wanafunzi wanapita na madaftari, msitu uko karibu, na kanisa liko hapo hapo. Si kanisa kubwa. Mtu aliyezoea kuangalia Rubaga au Namirembe kutoka chini ya kilima hatashangazwa na ukubwa wake. Kinachoshangaza ni kwamba lipo. Kambi ilikuwa na nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali, ilikuwa na maelfu ya watu. Nyumba zile za udongo zimerudi kuwa udongo. Yamebaki makaburi yenye majina ambayo ulimi wangu haukuweza kuyatamka, na limebaki kanisa.

Juu, upande wa mbele, kuna maneno matatu ya Kilatini: Polonia Semper Fidelis. Maana yake, Polandi mwaminifu daima.

Niliyasoma mara nyingi nikiwa nimekaa chini kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Na hapo ndipo uhakiki wangu unaanza.

Kwanza nilisifu. Mtu anayejua kwamba yuko safarini, anayengoja vita viishe arudi kwao, kwa nini ajenge kwa kitu kitakachodumu kuliko yeye? Angeweza kusali chini ya nyasi kama alivyolala chini ya nyasi. Wapolandi wa Nyabyeya walimpa Mungu nyumba ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo. Hilo ninalielewa kabisa. Hata sisi, ndani ya chumba kimoja tunalala watu saba, lakini kitambaa cha madhabahu kinafuliwa kila Jumamosi na hakuna anayeruhusiwa kukalia kiti cha mchungaji. Ukiwa umepokonywa kila kitu, unatafuta kitu kimoja ambacho hautakubali kiwe cha ovyo. Katika hilo, kanisa la Nyabyeya ni kazi ya kweli, na ninalivulia kofia.

Lakini rudi kwenye yale maneno matatu, hasa lile la katikati: daima. Kanisa lilimalizika mwaka 1945. Mwaka huo huo, mwezi wa pili, wakubwa watatu wa dunia walikaa Yalta na kukubaliana kwamba mashariki ya Polandi itabaki mikononi mwa Wasovyeti. Mashariki ndiko wengi wa watu hawa walikotoka. Yaani wakati fundi anamalizia ukuta wa uaminifu kwa nchi, nchi yenyewe ilikuwa inakatwa mezani na watu wasiowajua. Vijiji vyao havikuwa tena ndani ya Polandi. Na Polandi iliyobaki ilikuwa chini ya watu wale wale waliowapakia kwenye treni. Wengi hawakurudi. Walienda Uingereza, wakaenda Kanada, wakaenda Australia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 kambi zao za Uganda zilikuwa zimefungwa.

Kwa hiyo maneno yale, ukiyasoma vizuri, si tarumbeta ya ushindi. Ni barua iliyotumwa kwenye anwani iliyofutwa. Mtoa mada wetu aliyasoma kama mfano wa watu waliofanikiwa. Mimi niliyasoma nikamkumbuka baba yangu mdogo, ambaye mpaka leo anatunza ufunguo wa nyumba ambayo tunajua iliungua.

Hilo la kwanza. La pili ni yale ambayo ukuta haukuyasema.

Mzee mmoja alikuwa anafyeka nyasi. Nilimsalimia kwa Kiswahili na akanijibu kwa Kiswahili, kwa sababu eneo lile limejaa watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta kazi, Waalur, Walugbara, hata Wakongo, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Nilimuuliza, "Mzee, hili kanisa alijenga nani?" Akasema, "Wazungu wa Poland." Akafyeka kidogo. Kisha akasimama akasema, "Lakini tofali hawakubeba peke yao." Akaniambia wazee wake walikata kuni pale kambini, walichota maji, walibeba. Majina? Hakuyajua yote. Hayakuandikwa popote, akasema, kwa hiyo yeye mwenyewe akifa yameisha.

Mzee hakuniambia jambo la ajabu. Kambi za Wapolandi katika makoloni ya Waingereza zilitegemea jasho la Waafrika. Watu weusi walisimamisha nyumba, walipasua kuni, walichimba vyoo, walifanya kazi za ndani. Mkimbizi aliyefika mikono mitupu alikuta mikono mingine imeshawekwa tayari kwa ajili yake. Kosa la kupanga halikuwa la yule mwanamke aliyetoka Siberia na watoto wake wawili. Mpango ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Lakini ukuta unataja Polandi, na mikono ile mingine haina hata neno moja.

Na hapa nipanue kidogo. Ardhi ile ni ya Bunyoro. Mfalme wake, Kabalega, alipigana na Waingereza miaka mingi, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Alikaa ugenini zaidi ya miaka ishirini. Alipokubaliwa kurudi, alifia njiani, Jinja, mwaka 1923, kabla hajaiona Bunyoro. Miaka 19 tu baadaye, serikali ile ile iliyomfukuza mwenye nchi iliwaleta wakimbizi ikawapa sehemu ya nchi hiyo. Sasa, mama yangu wa kwaya, jibu lako hili hapa: kiwanja kilitolewa na mtu ambaye hakikuwa chake.

Wapo wanaosema kwa fahari kwamba Uganda imekuwa ikipokea wakimbizi tangu wakati wa Wapolandi. Nasikia sentensi hiyo kila mwaka. Ninaiheshimu Uganda. Sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaniruhusu kufanya kazi na kutembea, na hilo katika dunia ya leo si dogo. Lakini sentensi ile ina kasoro. Mwaka 1942 Mnyoro hakuulizwa kama anakaribisha mtu. Ukarimu ni wa mwenye nyumba. Ukarimu unaoamriwa na mtawala kwa mali ya mtu mwingine tuutafutie jina lingine. Ukarimu wa kweli, kwa macho yangu, ulionekana baadaye, kwa wanavijiji wa kawaida waliowagawia ardhi na maji watu wa Rwanda, wa Sudan, wa Kongo. Huo hauna kanisa la kupigwa picha.

Haki kwa pande zote: wale Wapolandi nao hawakuwa mabwana kamili. Waingereza waliwaweka mbali na miji na hawakutaka wabaki. Mzungu maskini, anayefua nguo zake mwenyewe na kulima kibustani chake, alikuwa anawaharibia hadithi. Mwafrika akimwona huyo, ataaminije kwamba kila mzungu amezaliwa kutawala? Kwa hiyo walikuwa katikati: juu yetu kwa sababu ya ngozi, chini ya Mwingereza kwa sababu ya umaskini. Walipata kiwanja, lakini kwa sharti kwamba siku moja waondoke. Labda ndiyo sababu walijenga kitu kisichoweza kubebwa.

Nikarudi Namuwongo na maswali yangu.

Kanisa letu liko upande wa chini, kati ya reli na mfereji wa Nakivubo. Kuta ni mbao na mabati, sehemu ya nyuma ni turubai. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji meusi yanaingia na mahubiri yanasogea mbele. Tuna kinanda kimoja, ngoma mbili, viti vya kukodi. Tunalipa kwa mwezi. Mwenye kiwanja akisema mwezi ujao hapana, ni hapana. Na mwenye kiwanja mwenyewe karatasi zake hatujawahi kuziona. Walipokuja kubomoa mara ya kwanza, tulipewa saa chache. Mara ya pili hatukupewa. Tulichukua mabati, tukachukua kinanda, wale waliokuwa na nguvu wakabeba milango. Wiki moja baadaye mtu akipita pale hakujua kama palikuwa na kanisa. Palikuwa na matope tu, na kuku.

Nimefikiria sana jambo hili. Wanahistoria wanapenda magofu. Watalii wanalipa kuingia Gede, wanalipa kuingia Kilwa Kisiwani. Lakini ili uache gofu lazima kwanza uwe na msingi. Ili uwe na msingi lazima mtu akuhakikishie kwamba kesho hautafukuzwa. Fukara wa mjini haachi magofu. Kanisa la mabati likivunjwa, bati linauzwa, mbao zinakuwa kuni, na ushahidi unaliwa pamoja na posho. Baada ya miaka themanini mtoa mada mwingine atasema: Wakongo wa Namuwongo hawakujenga chochote.

Kwa hiyo ile picha ya semina ni picha nusu. Ilituonyesha ukuta na ikauficha udongo ulio chini yake. Tofauti kati ya Nyabyeya na kanisa letu haiko kwenye bidii. Haiko kwenye imani. Sisi tumejenga mara tatu, wao mara moja. Tofauti iko kwenye swali alilouliza mama mmoja ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne: kiwanja kilitoka kwa nani, na kwa muda gani?

Je, nahitimisha kwamba kanisa la Nyabyeya ni kazi mbaya? Hapana. Nahitimisha kwamba ni kazi nzuri yenye maandishi pungufu. Ningepewa nafasi, nisingefuta hata herufi moja ya Kilatini chake. Ningeomba ubao mmoja tu uongezwe, kwa Kinyoro na Kiswahili, wa kuwataja waliobeba. Watu wa Polandi wamekuja zaidi ya mara moja kuyatunza makaburi ya ndugu zao, na wamefanya vema, maana aliyezikwa ugenini naye ni wa mtu. Lakini wakati umefika wa kuuliza wajukuu wa wabeba tofali, kabla yule mzee wa panga hajaondoka na majina yake machache.

Na kuna kitu kimoja kinachoniwia vigumu kukikasirikia. Maneno ya mbele yameshindwa, kwa maana waliyoyaandika walitawanyika duniani. Lakini mlango haukushindwa. Wapolandi walipoondoka hawakulibomoa, na waliobaki hawakulikataa. Leo Malkia wa Polandi anaimbiwa na watu ambao hawajui Polandi iko upande gani. Jengo lililokusudiwa kukumbuka nchi moja limegeuka kuwa la mtaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi yote, na haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea mama wa kwaya ripoti yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Halafu akauliza, "Sasa leo, mule ndani banasali banani?"

Nikamwambia: Wanyoro, Waalur, wanafunzi wa chuo, hata Wakongo wamo.

"Basi ilifaa," akasema. Halafu akaongeza, "Ila bale ba kubeba tofali, hapana, ile haifai."

Wiki hiyo alinunua daftari la kurasa 96 pale dukani. Ukurasa wa kwanza tumeandika majina ya wote walioleta bati, waliochimba mtaro, waliobeba kinanda siku ya kubomolewa, na yule kijana Mganda wa boda aliyetuwekea milango kwake wiki tatu bila kudai kitu. Daftari halikai kanisani. Linalala kwa mama, ndani ya kaveera, juu ya kabati, mahali maji hayafiki.